Siku ya Mwisho ya Noti za Zamani

Kila alasiri, msichana aliyepewa jina la Kiguu na Njia kwa kuwa hatulii nyumbani, alimsaidia mama yake, fundi cherehani, kutia vifungo. Ijumaa hiyo alijichoma sindano mara mbili, macho yakiwa kwenye saa ya ukutani.

Wiki tatu nyuma, Benki ya Taifa iliyoanzishwa karibuni ilitoa noti mpya. Za zamani zikawekewa siku ya mwisho: Ijumaa hiyo, saa kumi jioni. Mama alimkabidhi bahasha yenye akiba ya upasuaji wa mguu wa mdogo wake, akabadilishe noti hizo benki. Binti alipoiona foleni, akapitiliza uwanjani kucheza mpira.

"Wamezipokea, mama. Mpya tuzifuate ile Ijumaa ya mwisho," alidanganya, bahasha akaificha chini ya madaftari. Kila siku alijiambia atakwenda kesho, mpaka kesho zikaisha.

Sasa alichomoka na bahasha, akakimbia mbio zote. Alimkuta mlinzi anafunga lango.

"Shikamoo, mjomba! Nionee huruma!"

"Marahaba. Saa kumi imeshapita, binti yangu. Nifanyeje?"

Alikaa kwenye ngazi akalia kwa kwikwi. Mdogo wake angeendelea kuchechemea kwa sababu yake. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Karani mmoja mwanamke, aliyekuwa akitoka kazini, aliinama. "Una nini, mwanangu?"

Akamweleza yote.

"Sikiliza. Kuna nchi ambazo benki ya taifa ilianza kama benki ya wafanyabiashara, serikali ikaja kuichukua. Yetu imezaliwa na sheria ya bunge, na sheria hiyo inasema makao makuu yatapokea noti za zamani kwa mwezi mmoja zaidi."

"Niende sasa hivi!"

"Taratibu. Huko anakwenda mwenye pesa mwenyewe, na lazima ieleweke kwa nini amechelewa."

Furaha ilimwishia hapo hapo. Alirudi nyumbani akiburuta miguu, akasema ukweli. Mama alisimamisha cherehani, akasikiliza mpaka mwisho, machozi yakimtiririka. Heri angemchapa.

Jumatatu walisimama dirishani makao makuu.

"Mbona mmechelewa?" aliuliza karani wa hapo.

Mama alimgeukia binti yake. "Mwambie."

"Nilimdanganya mama," alisema, foleni nzima ikisikia.

Noti mpya zilipotolewa, mama alimshika mkono wakatoka nje.

"Benki imetuongezea mwezi kwa sababu imeandikiwa sheria," alisema. "Mimi na wewe hatuna sheria, mwanangu, tuna kuaminiana tu. Huko kuaminiana kukiisha, hakuna dirisha la kwenda kupata kwingine. Haya, twende hospitali tukampangie mdogo wako siku."