Nyuma Yangu Hakuna Mtu

Mmeanza tena. Mtu hawezi kukaa akachambua mchele wake kwa amani, mshamzunguka kama nzi: "Bibi, ile ya dobi na mlima." Mkishaisikia hakuna anayekubali kwenda uani peke yake, na wa kuamshwa ni mimi. Haya, naisema mara moja. Mwenye kucheka acheke sasa.

Dobi huyo alikuwa mtoto wa dada yangu, mtu wa mikono safi na maneno machache. Duka lake chumba kimoja: mbele meza ya kupigia pasi, nyuma mabeseni, uani kamba tatu za kuanikia. Alikuwa na mke, mtoto hawakujaliwa. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja, kukimbia mlimani. Wengine hukimbia wakifukuzwa. Yeye alikimbia kwa hiari, asubuhi na mapema, njia ya msituni iliyosimama kama ngazi, mizizi imetokeza nje kama mishipa ya mkono wangu huu. Anarudi magoti yanatoka damu, uso umechangamka. Nikamwambia, "Mwanangu, kama miguu inakuwasha, njoo unichotee maji." Akacheka tu.

Kila mwaka mlima ule una mashindano. Miti hufungwa tepe nyekundu ili watu wasipotee, maana ukungu ukishuka mle ndani huoni hata mkono wako. Dobi hakuwa na mbio za kushinda, basi wakampa kazi ya kuwa Mkia. Mkia huenda nyuma ya mtu wa mwisho kabisa, anafungua tepe moja moja, na haruhusiwi kumpita yeyote. Akifika chini anaulizwa neno moja tu: nyuma yako kuna mtu? Akisema hakuna, wanakunja mahema na kila mtu anashika njia yake.

Mwaka mmoja, mkimbiaji wa mwisho kabisa alikuwa mshonaji, mama wa makamo, mjane, aliyeanza kukimbia kwa sababu nyumba ilimshinda kwa ukimya. Mwendo wake wa kobe, lakini hakukata tamaa. Walipokaribia kilele mvua ikashuka. Akasema, "Kaka, nisubiri hapo, naingia kichakani mara moja."

"Usikawie, dada."

Akasubiri. Baridi ikamwingia mpaka kwenye mifupa. Akajiambia njia ni moja, atanikuta mbele. Akaanza kushuka polepole, na mikono, kwa mazoea, ikaendelea kufungua tepe. Polepole ikageuka haraka. Chini akafika amelowa, meno yanagongana, wakamuuliza lile neno. Akisema kweli, anarudishwa juu. Akasema, "Nyuma yangu hakuna mtu."

Mshonaji nyumbani hakuwa na wa kumngoja. Siku ya tatu ndipo mteja alipofuata gauni lake akakuta mlango umefungwa. Walimpata chini ya mti, hatua chache kutoka njiani, kucha zimejaa udongo. Watu wakasema maskini, kapotea. Dobi akainama kwenye meza yake, akapiga pasi.

Haukupita mwezi. Jioni moja anaingia nyumbani, mkewe yuko jikoni, anaita bila kugeuka, "Mwambie mgeni akae, chai inachemka."

"Mgeni gani?"

"Uliyekuja naye. Nimesikia viatu vya watu wawili."

"Masikio yako yanataka kusafishwa."

Mke akatoka na vikombe vitatu, akatazama kiti kitupu, akakirudisha kimoja. 

Kisha wateja wakaanza. Mzee mmoja mwalimu akarudisha mashati yake yote. "Dobi, nimekupa nguo zinuke sabuni, umenirudishia zinanuka msitu!" Na kweli. Shati limepigwa pasi mpaka linakata, ukilisogeza puani ni majani yaliyooza na mvua ya juzi. Hata shuka zangu mwenyewe nilizirudisha, undugu kando. Akafua upya, akabadili sabuni, akachemsha. Asubuhi anakuta kwenye kishikizo cha kila shati, fundo dogo la tepe nyekundu.

Akadhani akikimbia atalitoa kichwani. Akapanda, jua limeshatoka, ndege wanalia, na alipofika kwenye mizizi akasikia nyuma yake miguu inayopanda kwa shida, akasimama, ikasimama baada ya yake kwa nusu hatua, akaenda, ikaenda, akageuka akaona njia tupu na majani yanatikisika pasipo upepo, akaanza kukimbia kama mwehu kuteremka huku pumzi ya mtu mwingine inamchoma kisogoni, pumzi nzito ya mtu mchovu asiyetaka kuachwa, na kila alipoongeza mbio ile pumzi nayo ikaongeza, mpaka akaanguka, akajifunika uso, na juu yake sauti ya upole kabisa ikauliza, "Kaka, upo?"

Mlima akauacha. Wenyewe haukumwacha. Siku moja mchana wateja wanamwambia, mkeo kapita hapa, peku, tunamsalimia haitikii. Akatoka mbio na pasi kaiacha juu ya suruali ya mtu. Akamkuta mwanzo wa msitu, miguu inatoka damu, anatembea huku anapapasa matawi.

"Unakwenda wapi, mke wangu?"

"Nafuata tepe. Si mmenifungia?" Akamnong'oneza, "Usiongee kwa nguvu. Yuko nyuma yako."

Akambeba mgongoni mpaka nyumbani. Alikuwa na huyo tu duniani.

Mganga walimpata, mama mnene wa magoti mabovu. Kabla hajaketi akasema, "Mambo ya mlima sipandi mimi. Huyo anayewasumbua atashuka mwenyewe." Akafukiza ubani, akamfunika mke shuka. Kisha akamkazia macho dobi. "Na wewe toa kilicho tumboni. Dawa haipiti juu ya uongo." Dobi akaeleza yote, uso ameuelekeza ukutani. Alipomaliza, chumba kikanuka majani mabichi, na mke akafungua kinywa. Sauti haikuwa yake.

"Wewe ndiye mshonaji?" mganga akauliza.

"Mshonaji amekufa, amepumzika. Aliita siku mbili hakuitikiwa. Nikaitika mimi."

Mganga akaongeza ubani.

"Unataka nini kwa watu hawa?"

"Huyu alisema nyuma yake hakuna mtu. Mahali pa mtu pakiachwa wazi, wapo wa kupakalia. Nimepakalia. Sasa nataka mwenzangu, tupande naye."

"Tutakupa mbuzi."

"Nimfuge wapi?"

"Marashi."

"Niyapake wapi?" Mke akacheka kicheko cha kukwaruza. "Anipe huyu mwanamke. Au anipe nyayo zake mwenyewe."

"Chukua nyayo," dobi akasema.

"We mpumbavu, uliza kwanza maana yake!" Mganga amechelewa. Harufu imekatika kama taa, mke amekaa, anaomba maji.

Kesho yake dobi akaenda kwa waandaaji wa mashindano na kwa ndugu wa marehemu, akasema kweli. Wakamtukana, mmoja akamtemea mate. Hayo si malipo, hayo ni haki yake.

Malipo yalianza taratibu. Miguu yake iliacha kulia. Akitembea juu ya kokoto, kimya. Akipita matopeni, hakuna alama. Mkewe anageuka jikoni anamkuta amesimama mgongoni, sufuria inaanguka. "Kohoa basi, mume wangu! Piga hata mluzi!" Akakohoa, akapiga mluzi, ikafaa miezi michache. Kisha kikohozi nacho kikafifia. Wateja wakawa wanapiga hodi dukani naye yuko uani anawaitikia, hawamsikii, wanaondoka na nguo zao chafu.

Mwanamke alivumilia mwaka na nusu. Siku aliyofunga sanduku lake alilia, akasema hawezi kuishi kila saa akishtuka kana kwamba anafukuzwa. Akatoka kwenda kituoni. Dobi akamkimbilia njia nzima, hatua mbili tu nyuma yake, anamwita kwa jina lake, anamwita mke wangu, anamwomba ageuke. Mwanamke akapanda gari, likaondoka. Hakuwa katili. Hakusikia kitu.