Santuri Iliyopona Mkwaruzo

Ulianza mkwaruzo. Shigeaki alipoinunua santuri ile kwenye soko la mitumba katika ua wa hekalu, ilikuwa na mkwaruzo mrefu, kama imepitiwa na ukucha wa paka, na kwenye wimbo wa tatu sindano iliruka. Wiki iliyofuata haikuruka. Akaigeuza chini ya taa, akapitisha kidole. Laini. Santuri huchakaa kadiri inavyopigwa. Hii ilikuwa inapona. Mtu mwenye akili zake angeitupa. Yeye akafurahi!

Mkahawa wake, pale Nakazakicho mjini Osaka, ulikuwa wa kusikiliza tu. Unaagiza kahawa kwa kunong'ona, unakaa ukizitazama spika mbili kubwa kama makabati, unafunga mdomo. Sheria zilikuwa mbili: hakuna kuzungumza santuri ikipigwa, na upande ukishaanza haukatishwi, hata nyumba iungue. Mtu akithubutu kunena, Shigeaki aliweka kidole mdomoni. "Shii!"

Watu walipumua wakati wa kugeuza upande, na hapo palikuwa pa Natsue, mkewe. Alikuwa na sauti ya muuza samaki na hakumwogopa mtu.

"We wa kona! Kikombe kimoja tangu asubuhi! Nikutandikie godoro kabisa?"

Watu wakacheka. Tuseme ukweli, wengine walikuja zaidi kwa ajili ya dakika zile kuliko muziki.

Santuri yenyewe ilikuwa roki ya giza: magitaa yanakereza kama msumeno kwenye bati, na katikati yake mwanamke aliyeachwa na mpenzi wake ananguruma kwa sauti iliyokauka. Jalada jeusi tupu, jina *Ufunguo Uache Mezani*. Ilisemekana mwimbaji alikufa kabla haijatoka, na watu wa pale hawaingizi ndani kitu cha marehemu bila kukisomea sala hekaluni kwanza. Shigeaki alilijua hilo, na hekalu lilikuwa palepale aliponunulia. Lakini alikuwa na haraka ya kuisikia, akaondoka nayo bila sala.

"Bosi," Natsue alimwambia. Wateja walimwita hivyo kwa heshima, mkewe kwa dhihaka. "Huyu dada anamchukia nani hivi?"

"Mwanamume aliyemwacha."

"Mbona anatutukana sisi?"

"Nawe! Ni muziki tu."

Msimu wa mvua ukaingia, na sauti ya Natsue ikaanza kukwama. Kwanza ilikuwa kama mafua. Kisha yule mteja wa kona akawa anakaa kutwa bila kutaniwa, kwa kuwa maneno yalimtoka Natsue kama mchanga. Daktari alimmulika kooni, akasema hakuna kitu. Na kila santuri ile ilipopigwa, mkahawa ulinuka nywele mbichi, nywele zilizofungwa zikiwa zimelowa na kusahauliwa, ingawa hakuna aliyeingia na mvua.

"Njoo," Natsue alimnong'oneza jikoni. "Huyo dada sauti yake ilikuwa imekauka. Siku hizi imekauka?"

"Hapana. Imekolea. Wateja wanaisifu."

"Ni yangu, Bosi. Kila ukiipiga napungukiwa. Nakuomba, usiipige tena."

"Kunywa tangawizi, utapona. Wateja wanaitaka."

"Na mimi, unanitaka?"

Shigeaki akacheka, akatoka na trei ya vikombe. 

Jumamosi mchana, mkahawa umejaa, akaiweka. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili, na ulipofika wa tatu ile harufu ikaja nzito hata wateja wakafunika pua, na Natsue akatoka nyuma ya kaunta ameshika koo, akapita katikati ya meza akijigonga magoti kwenye viti, akamvuta mumewe shati, mdomo wazi, macho yamemtoka, hakuna hata mlio, na Shigeaki, kwa kuwa watu wote walikuwa wanamtazama na kwa kuwa ndivyo alivyozoea maisha yake yote, akaweka kidole mdomoni na kumwambia mkewe, "Shii!"

Spika zikajibu.

"Shigeaki! Toa sindano! Inanimaliza!"

Ilikuwa sauti ya muuza samaki, nzima, kali, ikitoka ndani ya magitaa. Midomo ya Natsue ilikuwa inayatamka maneno hayohayo kimyakimya, na begani kwake ulikuwa umelala msokoto wa nywele ndefu zinazochuruzika maji, ilhali zake alizikata fupi. Shigeaki akaufikia mtambo, mkono ukanyooka, na hapo juu ya sindano ukasita. Upande ulikuwa haujaisha. Ni kusita kidogo tu, lakini sauti iliyombakia Natsue ilikuwa ya kelele chache tu, nazo zikaisha. Sindano ikajiinua yenyewe.

Ryoen, mtawa wa hekalu lile, aliichoma santuri siku hiyohiyo huku akisoma sala. Moshi wake ulinuka nywele.

"Lile pepo limetoka?" Shigeaki akauliza.

"Santuri imeungua."

"Na sauti ya mke wangu?"

"Ungelikatisha katikati, lingeiacha. Wewe ulilingoja limalize."

Natsue alikuwa amesimama nyuma yao, akasikia. Hakulia. Aliporudi mkahawani aliweka ufunguo juu ya kaunta, akachukua mwavuli na kwenda kwa dada yake mjini Wakayama.

Mkahawa ukabaki kimya, na Shigeaki hakuweza kukivumilia kimya hicho. Akachagua santuri mpya ya piano, tulivu, isiyo na marehemu. Piano ikaanza. Chini yake mwanamke akasafisha koo, vilevile Natsue alivyosafisha kabla ya kumchokoza mteja. Shigeaki akasimama, machozi yakimtoka kwa furaha.

"Natsue? Mke wangu, upo? Nisamehe, niambie nifanye nini—"

"Shii!" zikasema spika zote mbili.