Arobaini ya Gencho

Tangazo la kifo cha Gencho lilikuwa limetazamwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo hakuwa Nedyalka, kwa sababu mtandao ule haumhesabu aliyebandika.

"Mmoja!" Nedyalka aliifokea simu. "Watu mia mbili na kumi na moja, mmoja! Wana roho za mawe hawa?"

Alikuwa dada wa marehemu, na msimamizi wa kundi la mtandaoni la watu wa kijiji chetu, Vrabchene. Kwetu mtu akifa, karatasi yenye picha yake hubandikwa mlangoni na kwenye nguzo za umeme, kisha hubandikwa tena arobaini inapokaribia, ili watu waje wale ngano ya kuchemsha, waseme "Mungu amsamehe," na roho ipate kuondoka. Sasa Vrabchene zimebaki nyumba sita zenye watu. Wengine wako Uhispania, Ujerumani, au mjini ghorofani kama Nedyalka. Mlango wetu ni hilo kundi. Asiyetangazwa humo hajaagwa, na asiyeagwa hatoki ndani ya nyumba. Usiyeamini, usile ngano yetu.

Zilibaki siku mbili. Jikoni, tangu asubuhi, kulinuka nta ya mishumaa, na Nedyalka hakuwa amewasha hata mmoja. Kiti cha Gencho alikisukuma chini ya meza. Alipogeuka kilikuwa kimevutwa nje.

Akaingia jirani yake Sevda, Mturuki mzaliwa wa Vrabchene vilevile, na sahani ya mkate wa jibini. Akaganda kizingitini.

"Bismillahi! Nedyalka, humu kuna jini."

"Jini gani! Ni Gencho," Nedyalka alinong'ona. "Anangoja watu wamuage. Na hao watu, mwenzangu, hata pole hawajaniandikia."

"Kwani ulitangaza?"

"Mara tatu! Wewe huoni?"

Sevda akatoa simu yake. Wakaziweka mbili mezani. Kwenye ya Nedyalka, Gencho na masharubu yake ndani ya mstari mweusi. Kwenye ya Sevda, hamna kitu. Cha mwisho kwenye kundi kilikuwa picha ya matunda ya plamu, ya mwezi wa nane.

Alibandika picha ileile mara tatu siku moja: mashine ya mtandao ya kuchuja ilimdhania mchuuzi wa matangazo taka. Wala haikumwambia. Ilimwacha ayaone maneno yake mwenyewe kama kawaida, huku wenzake wasio wasimamizi wakiona patupu. Kwa siku thelathini na nane mwanamke mzima alikuwa anajisemea peke yake!

"Si mngeniziba mdomo tu nijue!" alilia.

Sevda akajaribu kubandika yeye. Tangazo likafutwa palepale. Nedyalka akakata rufaa. Jibu likaja kabla hajashusha kidole: tumepitia uamuzi wetu, haubadiliki. Na zaidi, kundi lina msimamizi mmoja tu anayefanya kazi, hivyo limewekewa vizuizi. Msimamizi wa pili asipothibitisha kuwa yupo ndani ya siku moja, litafungwa.

Msimamizi wa pili alikuwa Gencho.

Akatuma cheti cha kifo. Kikaondolewa: picha hii inahusu kifo. Akataka kumweka Sevda mahali pa kaka yake. Haiwezekani: kundi lina vizuizi. Akapiga simu kwa namba saba alizokuwa nazo, wawili wakapokea, na wote wakauliza, "Gencho? Amekufa lini?"

Kesho yake adhuhuri, jua limejaa jikoni na ngano inachemka, wanawake wale wawili wakasikia mezani mdundo wa vidole viwili, kimoja kizito na kimoja cha kusitasita, kama Gencho alivyozoea kuandika kwenye simu, na harufu ya nta ikapanda mpaka ikawakaba koo, na Sevda akawa anasoma Ayatul Kursi kwa midomo isiyotoa sauti huku amemshika mwenzake mkono ili asikimbie yeye wala mwenzake, mpaka mdundo ukakoma na simu zote mbili zikalia pamoja.

*Msimamizi Gencho amethibitisha. Vizuizi vimeondolewa.*

"Usiguse," Sevda alinong'ona.

"Niache! Kaka yangu amenisaidia. Anataka kwenda, maskini."

Akabandika. Safari hii tangazo likatokea kwenye simu ya Sevda pia. Watu watatu wakaandika "Mungu amsamehe." Familia moja ya Valencia ikaandika imekata tiketi, inafika kesho. Nedyalka akacheka na kulia kwa wakati mmoja.

Kisha tangazo likatoweka.

*Limeondolewa na msimamizi Gencho. Sababu: habari ya uongo. Nipo kwa dada yangu.*

"Kaka, hata wewe?" Akabonyeza kulirudisha. *Wewe si msimamizi tena.* Sevda akaandika kwa herufi kubwa, AMEKUFA, NILIMZIKA MIMI, na maneno yakafutika moja baada ya jingine akiyatazama.

Huku chini pongezi zilimiminika. Afadhali mzee wetu! Ulitutia presha! Mtani mmoja wa Munich akamwambia hata Mungu kamkataa. Wale wa Valencia wakaandika wameshukuru sana, wamerudisha tiketi, watakuja mwakani.

Mezani vidole viwili vikaanza tena, taratibu, bila haraka yoyote.

*Njooni wakati wowote,* kundi zima likasoma. *Mimi siondoki.*