Chupa za Kofia Nyekundu

Watu wa mtaa walimwita Mpiga Dawa, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kila asubuhi alivaa buti, akabeba bomba mgongoni, akapita kati ya mistari ya nyanya akinyunyizia dawa ya wadudu. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Walikuwa na mabinti wawili. Mkubwa aliitwa Chiriku, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Mdogo aliitwa Kasuku, kwa kuwa kila alichosema dada yake, yeye alikirudia. Mama yao alizoea kusema kwamba yeye hakuzaa watoto, alifuga ndege.

Shule ya Chiriku ilikuwa ng'ambo ya barabara. Haikuwa na kinanda wala gitaa wala hata ngoma moja nzima. Lakini ilikuwa na mwalimu wa muziki ambaye hakukubali kukaa bure. Alifundisha kwa simu yake. Ndani ya simu mlikuwa na programu ya kupima sauti. Ukipuliza kitu, mshale unasogea kwenye kioo. Mshale ukikaa katikati, sauti ni sawa. Ukienda kulia, sauti imepanda mno. Ukienda kushoto, imeshuka mno.

Mwalimu aliwaambia wanafunzi walete chupa zinazolingana. Ukipuliza juu ya mdomo wa chupa, chupa inalia. Ukiongeza maji, mlio unapanda. Ukipunguza, unashuka. Chupa nane zenye maji tofauti, alisema, zinatosha kupiga wimbo.

Chiriku alizunguka mtaa mzima. Alipata chupa ndefu, fupi, pana na nyembamba, lakini hakupata nane zinazofanana. Alirudi nyumbani amenuna. Baba yake akacheka.

"Chupa tu ndizo zinazokutoa machozi?" alisema. "Kazini kwetu ziko za kumwaga."

Na kweli zilikuwepo. Nyuma ya ghala la shamba kulikuwa na rundo la chupa ndogo za dawa, zote saizi moja, zote za kofia nyekundu. Mpiga Dawa alichagua nane. Akaziosha kwa sabuni, akabandua karatasi zilizoandikwa, akanusa. Hakusikia harufu yoyote. Tena hakuwa mgeni wa jambo hilo. Kwa muda mrefu alikuwa akiwagawia majirani chupa kama hizo, nao walitilia mafuta ya kupikia na maji ya kunywa. Hakuna aliyewahi kulalamika. Yale maandishi yalikuwa giza kwake, kwani hakujua kusoma. Dawa zote alizitambua kwa rangi ya kofia.

Jumamosi iliyofuata aliketi mlangoni akishona buti lake lililofumuka. Watoto walikuwa uani. Simu ya mama, ambayo sasa ilikuwa na programu ile ya mwalimu, ilisimamishwa juu ya tofali, na chupa zimepangwa mbele yake. Chiriku alipuliza, akatazama mshale, akaongeza maji. Sauti ilipopanda mno, ilimbidi apunguze. Alipomimina, maji mengi yalitoka kwa pamoja. Basi akapata njia nyingine. Akanyonya kidogo kwa mdomo, akatema. Mshale ukaja katikati. Kasuku naye akanyonya, lakini yeye hakutema kila mara.

Baba yao aliwaona. Akatabasamu, akaendelea na sindano yake.

Kabla hajamaliza buti, Kasuku alimjia akiyumba. Alisema macho yanaona ukungu. Mate yalimchuruzika mpaka kifuani, na jasho lilimtoka kama mtu aliyenyeshewa. Kisha akatapika. Chiriku alijaribu kusimama, miguu ikamtetemeka, akakaa chini tena. Mama yao aliacha cherehani akaja mbio. Jirani mmoja akaleta maziwa, akisema maziwa yanaua sumu. Wakamnywesha Kasuku kwa nguvu, yakampalia.

Walipata pikipiki mbili. Hospitalini daktari aliuliza watoto wamekunywa nini.

"Maji," alijibu Mpiga Dawa.

"Maji ya wapi?"

"Ya bomba. Yalikuwa kwenye chupa za dawa ya shambani."

"Dawa gani? Inaitwaje?"

Akamwambia ni ile ya kofia nyekundu. Daktari akamtazama. Dawa za kofia nyekundu ni nyingi, alisema, na jina halisi liko kwenye karatasi ya chupa. Karatasi zilikuwa jalalani. Daktari akamulika macho ya Kasuku kwa tochi. Mboni zilikuwa zimesinyaa, ndogo kama ncha ya sindano. Kwa dalili hiyo aliijua aina ya sumu, akaanza kuwachoma sindano watoto wote wawili.

Kwa Kasuku, sindano ilikuwa imechelewa. Kifua kilijaa majimaji, pumzi ikawa nzito, kisha ikakatika. Mama yake alikuwa ameushika mguu wake. Aliendelea kuushika hata baada ya muuguzi kumfunika mtoto uso.

Chiriku alipona. Alitoka wodini amekonda, mikono ikimtetemeka, na tangu siku hiyo akawa msichana wa maneno machache. Usiku alilala upande wake wa kitanda, asiguse ule mwingine. Mama yake alishona, akafumua, akashona tena nguo ileile. Mumewe hakumsikia akimlaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Angetamani atukanwe.

Mtaani lawama zilimwangukia mwalimu. Wengine walisema simu ndiyo iliyoleta balaa. Wazazi wakaitwa shuleni. Mwalimu alisimama mbele yao, macho yamevimba, akasema kwamba aliwaagiza watoto chupa bila kuwaambia ni chupa za aina gani, na kwamba yuko tayari kuliacha somo hilo.

Ndipo akainuka bibi afya wa mtaa, mama mnene mwenye sauti ya chini.

"Muziki haukumuua mtoto," alisema. "Simu haikumuua. Sumu ndiyo iliyomuua, na sumu hiyo bado imo majumbani mwenu."

Akaeleza taratibu. Dawa ya wadudu huingia ndani ya plastiki yenyewe. Hata ukiosha mara ngapi, hata ukinusa usisikie kitu, bado imo. Chupa moja hubaki na kidogo, nyingine hubaki na ya kuua; aliyetumia bila kuumwa alibahatika tu. Chupa ya dawa haifai kwa maji, wala mafuta, wala chumvi, wala mchezo wa mtoto. Ikiisha, isuuzwe palepale shambani, maji yake yamiminwe ndani ya bomba la kunyunyizia, chupa itobolewe na irudishwe kwa wanaoteketeza chupa hizo. Asiyejua kusoma atafute alama ya fuvu la kichwa. Na mtoto akila sumu, asipewe maziwa, asilazimishwe kutapika. Avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe kwa sabuni, alazwe ubavu, akimbizwe hospitali. Chupa yenye karatasi yake iende naye.

Mpiga Dawa alisikiliza ameinamisha kichwa. Kila neno lilikuja kama msumari. Wengine walipoanza kutoka, alimfuata bibi afya akamwuliza kama anaweza kumsaidia jambo moja. Alitaka kukusanya chupa zote alizowahi kugawa.

Alianza kesho yake jioni, na gunia begani. Chiriku alimfuata bila kuambiwa. Nyumba ya kwanza walikuta mafuta ya kupikia ndani ya chupa ya kofia nyekundu. Nyumba ya pili, sabuni ya maji. Nyumba ya tatu mama mmoja alikuwa na mtoto mchanga, na chupa ya maji yake ya kunywa ilisimama kando ya kitanda. Alikataa kuitoa. Alisema ameitumia mwaka mzima, na tena ameiosha kwa maji ya moto.

Mpiga Dawa aliweka gunia chini. Chiriku ndiye aliyesema.

"Mama, hata sisi tuliziosha."

Yule mama alimtazama msichana, akaitazama mikono yake iliyokuwa ikitetemeka bado. Akaimwaga ile chupa mwenyewe, akaitia guniani.

Shambani mambo yalikuwa magumu zaidi. Alipoomba chupa zitobolewe, msimamizi alimwambia kazi yake ni kupiga dawa, siyo kuhutubia. Lakini bibi afya alikuja na mkaguzi wa kilimo. Tangu hapo chupa zikatobolewa, na rundo lile likaondolewa.

Muziki uliendelea, ila kwa njia nyingine. Mpiga Dawa alinunua mabomba mapya ya maji, yale membamba, ambayo hayakuwahi kubeba kitu. Mwalimu alimwonyesha jinsi ya kuyakata. Kata refu kwanza, kwa kuwa kukata ni rahisi na kurudisha hakuna. Ziba upande mmoja kwa kizibo. Puliza, tazama mshale. Ukiwa kushoto, kata kidogo tena, sauti itapanda. Kisha piga msasa ukingoni, mtoto asikatwe mdomo. Kila mtoto akawa na bomba lake, lenye alama yake, asipulize la mwenzake.

Siku wanafunzi wapya wa darasa la kwanza walipoanza muziki, Mpiga Dawa alipeleka mabomba ya mwisho shuleni. Chiriku alikuwa mlangoni mwa darasa akimsaidia mwalimu. Kila mtoto aliyeleta chombo chake mwenyewe, Chiriku alimwuliza swali moja: kilikuwa na nini kabla?

Msichana mmoja mdogo alileta chupa nzuri, safi, inayong'aa. Alisema aliiokota njiani. Hajui ilikuwa na nini.

Chiriku aliitwaa kwa kitambaa, akaiweka kwenye ndoo ya vitu vya kutupwa. Mtoto akaanza kulia. Chiriku akapiga magoti mbele yake, akampa bomba jipya, akamwonyesha jinsi ya kubana midomo. Mara ya kwanza ulitoka upepo tu. Mara ya pili, mlio mwembamba.

"Tena," alisema Chiriku.

Mpiga Dawa aliusikiliza mlio ule mpaka ukaisha. Kisha akafuta macho kwa mkono wa shati, akaenda kazini.