Mwanaume wa Wimbo wa Tatu

Watu wakimuuliza Pascaline nyimbo za kwanza za kundi lao zilitungwa vipi, huwapeleka moja kwa moja soko la Nyawera, Bukavu, kwenye meza ya vikwembe vya shangazi yake. Ilikuwa Jumamosi, soko limefurika. Pascaline alikuwa amejifunga kilemba cha manjano, anakunja na kukunjua vitambaa. Kijana mrefu, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingo, gitaa mgongoni, akashika kikwembe chekundu huku akivumisha wimbo puani.

"Iko bei gani, maman?"

Akamtajia.

"Punguza kidogo." Akaendelea kuvumisha.

Pascaline akaudaka ule wimbo wake, akautia maneno: "Hata ukiimba, papa, bei haishuke."

Kijana akaweka kitambaa chini. "Rudia."

"Nirudie nini? Nunua."

"Nitanunua. Lakini rudia. Huu wimbo niko nao tangu Noeli, ulikuwa unakosa maneno."

Aliitwa Josué. Alinunua kikwembe ambacho hakujua atakifanyia nini, akaomba na namba ya simu. Jioni akapiga.

"Bei haijashuka?"

"Kwako imepanda."

Ndivyo kundi lilivyoanza: Josué na gitaa, rafiki yake Jean-Marie na ngoma, Pascaline na maneno. Walifanyia mazoezi mtaa wa Kadutu, nyuma ya mashine ya kusaga mihogo alikofanya kazi Jean-Marie. Wimbo wa pili uliupata mwendo wake hapo. Umeme ulirudi ghafla, mota ikakohoa, ikashika, na Jean-Marie akaifuata kwa fimbo zake. Walitoka weupe kwa unga. Josué akampangusa Pascaline kope kwa kidole gumba.

"Mupenzi, umezeeka."

"Basi nioe mbio, kabla sijafa."

Akisimulia mpaka hapo, wote hucheka. Wa tatu Pascaline huuruka.

Huo aliutunga peke yake, nyumbani kwao, mtaa wa Kasha, akamwimbia Josué kwa sauti ndogo:

*Wewe uliyekula na chumvi kiganjani,*
*msitu umekupa nini tusichokuwa nacho?*
*Mlango bado hatujaufunga.*

Mkono wa Josué ukabaki juu ya nyuzi. "Huyu mwanaume ni nani?"

"Ni muntu wa wimbo tu."

"Muntu wa wimbo hana chumvi kiganjani. Huyu ulikula naye."

Pascaline akauanza wimbo upya. Mwanaume yule alikuwa baba yake, aliyezoea kumwaga chumvi kiganjani kila alipokula. Alienda kuchimba dhahabu msituni Kamituga, Pascaline akiwa bado mtoto, asirudi wala kutuma neno. Ikasemwa shimo limemfunika. Wakamlilia bila mwili, na miaka ikapita, mama yake, Maman Rosalie, akafunga ndoa kanisani na Papa Stanislas, mtu mpole. Mama alimwomba binti yake jambo moja: asimwambie mtu yeyote kwamba moyoni anamdhania baba yake yu hai. "Ukisema hivyo, mimi niko muke wa nani?" Pascaline akaapa. Yale aliyokatazwa kuyasema akayaimba.

Watu waliupenda wimbo ule kuliko mingine yote, wakawa wanarushiana katika simu. Lakini Josué kila alipouimba alimtazama Pascaline kama anayemuuliza upya. "Kila Jumamosi niko namuimbia bwana yako mwingine," akasema siku moja. "Nimechoka." Akapata kazi ya kuimba Bujumbura, akaenda bila kuaga. Pascaline alipiga simu mpaka akaona haya. Haikupokelewa.

Mwaka mmoja na zaidi ulikuwa umepita, siku simu ilipolia mezani.

"Pascaline. Ni Josué."

Akakaa juu ya robota la vikwembe. "Nakusikia."

"Niko Kamituga, walinialika kuimba kwenye ndoa. Nimeimba wimbo wa tatu. Muzee mumoja akakuja kuniuliza nani aliutunga. Kisha wakatuletea chakula, Pascaline. Akamwaga chumvi kiganjani."

Kelele za soko zikawa kama ziko mbali.

"Amenieleza mwenyewe. Juu ya nini hukuniambia ni baba yako?"

"Niliapa kwa mama. Iko muzima?"

"Muzima. Iko na bibi na watoto. Anasema usimutafute. Anasema alisikia mulimulilia, akaona ni vizuri ibakie hivyo."

Wiki iliyofuata Josué akaja Bukavu. Alikuwa amekonda, koti la kijivu limempwaya mabegani. Walikaa kwenye mgahawa mdogo unaotazama ziwa, chai ikapoa mbele yao. Aliomba msamaha, akapewa, na mikono yao ikashikana juu ya meza kama haikuwahi kuachana. Kisha akasema bila kuinua macho:

"Bujumbura niko na fiancée. Lucie. Wazazi wake wamekwisha kupokea ng'ombe. Sema neno moja tu, nitabaki. Sitarudi kule, sitapiga simu. Nitazima hii namba."

Pascaline alilitaka neno lile. Lilikuwa limemfika ulimini.

"Na Lucie?"

"Atangoja kidogo, kisha atasahau."

"Haisahauliki, Josué. Mimi nilikuwa nalala, sikio liko mulangoni." Akauvuta mkono wake taratibu. "Usimufanyie kile baba alitufanyia. Uende. Ukifika, umuoe muzuri."

"Na wewe?"

"Mimi usiniulize leo."

Alimsindikiza mpaka kwenye gari la Uvira, njia ya Bujumbura. Josué alikuwa analia waziwazi mbele ya abiria. Pascaline akamfunga kifungo cha koti, akageuka kabla gari halijaondoka.

Nyumbani, Maman Rosalie alikuwa jikoni anapika sombe, mboga ya majani ya mihogo.

"Josué alikuwa anataka nini?"

"Nimwambie abaki."

"Na ukamwambia?"

"Aende. Kuna mwanamke anamungoja kule."

Mama akatikisa kichwa polepole. "Umefanya vizuri. Kungoja muntu, mimi najua iko namna gani. Baba yako ni kifo tu kilimuzuia. Angekuwa muzima, angekuja."

Pascaline akaupokea mwiko mkononi mwa mama yake, akainama juu ya chungu, mvuke ukampiga usoni.

"Ndiyo, maman," akasema, akikoroga. "Angekuja."