Panda, Bibi, Panda

Jeki ilikuwa inashuka, na sakafu ilikuwa kavu.

Hapo ndipo Kipara, mwenye gereji, alipoanza kukuna kichwa, kichwa ambacho kwa haki hakikuwa na cha kukuna. Jeki ya mafuta ikizeeka huvuja. Hilo hata mbuzi wa jirani anajua. Alibadilisha mipira ya ndani, akajaza mafuta mapya, akafunga. Kesho yake tangi tupu. Chini, hata tone.

"Inakunywa, kaka," alisema mdogo wake, Domo.

Jina hilo hakupewa bure. Kila akishika mpini wa jeki aliibembeleza: "Panda, bibi, panda! Panda nikuoe!" Miaka yote gereji ilicheka, wateja wakacheka, na bibi, mkongwe wa kutu aliyebabuka rangi, akapanda.

Sasa Domo alikuwa anaoa kweli. Mchumba wake, fundi cherehani wa mtaa wa pili, alikuja mchana wa jua la utosi kumpima suti. Domo akanyoosha mikono kama mwizi anayepekuliwa, tepu ikazunguka kifua. Nyuma yao gari lililokuwa juu ya jeki likalia ngiii, likashuka kidogo.

"Kaka, umegusa?"

"Nimeshika chai, mikono yote miwili."

Ikaja harufu. Haikuwa ya mafuta. Ilikuwa ya marashi, ya maua yaliyoozea ndani ya maji. Mchumba akakunja tepu.

"Humu kuna mwanamke?"

"Mwanamke gani, mpenzi? Humu hata panya ni madume!"

Kipara alikuwa bado anacheka pale sauti ilipotoka chini ya gari, nyembamba, kama mafuta yanayopenya tundu dogo:

"Ulisema nikipanda utanioa. Mbona nimepanda?"

Chai ilimwagika.

Mganga aliyeletwa alikuwa mama mfupi mwenye miwani. Aliizunguka jeki mara moja, akakataa kuigusa.

"Nyinyi mkisema panda, mnaita gari," alinong'ona. "Sisi tukisema panda, tunaita wenyewe, mashetani, wapande kichwani. Mkamwita kila siku, halafu mkaongeza na posa!"

"Ulikuwa utani, mama," alisema Kipara.

"Hao hawana utani. Aliyeahidi akane, kwa mdomo wake."

Domo, ambaye hajawahi kukosa neno tangu aote meno, alifungua kinywa aseme simuoi. Taya likapanda, likashuka. Kilichotoka ni mlio wa mpini: krak. Krak.

Mganga alibeba mkoba wake akaondoka bila kuaga.

"Basi tunabadilisha jeki," alisema Kipara, fundi mpaka kwenye mfupa. Kifaa kikikukataa, unaleta kingine. Alipeleka ile kongwe kwa wayeyusha vyuma, akasimama pale mpaka ikawa uji mwekundu. Jeki mpya ilipanda, ikakaa. Tangi lake lilibaki limejaa. Harufu ikaisha gerejini, na Kipara akampigia mchumba simu, sauti imejaa furaha: "Shemeji, mgeni katoka. Shona!"

Hakujiuliza mgeni aliyebomolewa nyumba anakwenda kulala wapi.

Mchumba alipoleta suti, adhuhuri, yeye na Kipara waliingia chumbani kwa Domo na kumkuta amelala chali, marashi yamejaa mpaka kwenye pazia, jasho zito na jeusi likimtoka shingoni na kupotea kabla halijagusa shuka, na kifua chake kikapanda, krak, kikatulia, kikapanda tena, krak, mpaka mgongo ukaachana na godoro na visigino vikaning'inia, na Kipara alipomrukia mabegani amrudishe chini akajikuta na yeye miguu inaacha sakafu, huku machoni mwa mdogo wake, yaliyokuwa wazi na yanamwona, machozi yakitiririka kuelekea masikioni.

Na kutoka kwenye midomo ya Domo, iliyofumbwa kabisa, mwanamke akambembeleza:

"Panda, bwana, panda."

Kisha wakashuka, polepole, polepole. Mchumba akatazama chini ya kitanda.

Sakafu ilikuwa kavu.