Maiti Isiyonuka

Maiti ilikuwa ndani ya tangi la kioo, imetulia, rangi ya chungwa, ukubwa wa mto wa mtoto. Inspekta aliitazama, akamtazama daktari aliyempigia simu saa moja asubuhi, kisha akaitazama tena.

"Hii ndiyo maiti?"

"Ndiyo, afande. Ameuawa."

Inspekta alishusha pumzi. Mezani kwake kulikuwa na majalada mawili ya watu, watu wenye mikono na miguu, na yeye kaitiwa sifongo. Ama kweli, ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Daktari, mtafiti wa dawa, alieleza kirefu. Huyu si sifongo wa kuoshea vyombo, ni mnyama aliyetolewa vilindini, na mwilini mwake mna kemikali inayoua seli za saratani. Kazi ya miaka tisa. Wagonjwa kumi na wawili walikuwa waanze sindano wiki ijayo. Kumtoa majini dakika chache tu ni kumuua, maana hewa ikishamwingia kwenye vitundu haitoki. Na mwenye ufunguo mwingine ni mtunza tangi peke yake.

Mtunza tangi, mtu mzima mwenye buti za mpira, alikuwa keshafungwa pingu na konstebo mwenye haraka zake. Alisema jana jioni alimlisha sifongo kama kawaida, na leo amekamatwa hata koti hajavua.

"Mzee, huyu amekufa lini?"

"Sijui hata kama amekufa, afande. Akifa hubaki hivyohivyo siku mbili, tatu, ndipo aanze kupauka na kunuka. Wamenifia wanne, na wote niliwalisha wakiwa maiti."

Inspekta akainama, akanusa. Chumvi tu. Uvumilivu ukamwishia.

"Daktari, wewe ulijuaje?"

"Ni uzoefu."

"Anayewalisha kila siku hajui. Usinipotezee muda. Nani alimtoa majini?"

Daktari alivuta stuli, akakaa.

"Mimi. Jana, mzee alipoondoka."

Yakamtoka yote. Dawa ile haikuwa ya sifongo mwenyewe, ilikuwa ya vijidudu wanaoishi ndani yake, nao walikufa kidogo kidogo humo tangini. Miezi saba alikuwa akipima na kukuta sifuri, na hakumwambia mtu yeyote. Wa kwanza katika wale wagonjwa kumi na wawili alikuwa dada yake.

"Ndiye aliyenilea. Nilitaka apate mtu mwingine wa kumlaani."

"Ukamchagua mzee wa watu?"

"Alikuwa na ufunguo."

Inspekta alimfungua mzee pingu, akamwomba radhi kwa niaba ya konstebo. Mzee alisugua mikono. Daktari akanong'ona kwamba labda polisi wamweleze dada yake, wao wamezoea kupeleka habari mbaya.

"Tumezoea, na tumechoka," alisema Inspekta, akamsogezea simu. "Mpigie mwenyewe."

Simu iliita mara moja tu, ikapokelewa.

"Mdogo wangu," sauti ya mwanamke ikauliza, "tumeitwa kwenye sindano?"